Kutwa, kwa ndugu, geto, hosteli au bweni: mtoto wa sekondari aishi wapi?

Kila mwaka ifikapo Desemba, majina ya wanafunzi waliochaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza hutangazwa, na nyumba nyingi hufurahi. Furaha ikishapoa, linakuja swali la pili: shule aliyopangiwa mtoto iko kata ileile lakini ni mbali, kilomita nane au kumi na mbili kutoka nyumbani. Je, atakuwa anakwenda na kurudi kwa miguu? Apelekwe kwa shangazi yake anayekaa karibu na shule? Apangiwe chumba? Kuna hosteli? Au tuuze mbuzi tumtafutie shule ya bweni?

Hili ni moja ya maswali ambayo wasikilizaji hutuuliza sana Januari inapokaribia. Katika makala haya tunaeleza njia tano ambazo wazazi wa vijijini hapa Tanzania hutumia, faida na hasara za kila moja, na mambo ya kuuliza kabla ya kuamua. Tunasema mapema kwamba hakuna njia inayowafaa watoto wote. Ila kuna jambo moja ambalo wazazi wengi hulisahau wanapopiga hesabu: nani yuko na mtoto kuanzia saa kumi jioni, masomo yanapokwisha, mpaka asubuhi ya kesho yake?

Kwa nini shule ni za karibu lakini bado ni mbali?

Zamani shule za sekondari zilikuwa chache na nyingi zilikuwa za bweni. Hata shule ya msingi ilikuwa hivyo kwa baadhi ya watoto. Mwalimu Julius Nyerere alianza shule mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12. Alitoka Butiama akaenda kulala shuleni Mwisenge, Musoma. Baada ya Uhuru, vijana waliofaulu walipelekwa mikoa ya mbali, wakakaa pamoja na wenzao wa makabila mengine. Wazee wengi waliosoma wakati huo bado wana marafiki wa bwenini kila pembe ya nchi. Lakini waliopata nafasi hizo walikuwa wachache sana.

Kuanzia mwaka 2004, kupitia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, wananchi na serikali walianza kujenga shule kwa wingi katika kata. Ndizo tunazoziita shule za kata. Nia ilikuwa mtoto asome karibu na nyumbani, kwa hiyo nyingi zilijengwa kuwa za kutwa. Januari 2016 ada ikaondolewa mpaka kidato cha nne katika shule za serikali. Kabla ya hapo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa kutwa na 70,000 kwa bweni. Mwaka 2022 ada ikaondolewa pia kwa kidato cha tano na cha sita.

Watoto wengi zaidi wakaingia sekondari. Lakini kuondoa ada hakupunguzi kilomita. Kata moja inaweza kuwa na vijiji vitano, na shule iko katika kijiji kimoja tu. Kwa mtoto wa kijiji cha mwisho, shule ya kata ni safari.

Kuna jambo jingine la kujiandaa nalo. Kwa mtaala mpya, watoto walioingia darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza elimu ya msingi darasa la sita, mwaka 2027. Mwaka huohuo watamaliza pia wenzao wa darasa la saba. Kwa hiyo Januari 2028 madarasa mawili yanatarajiwa kuingia kidato cha kwanza kwa pamoja, na baadhi ya watoto watakuwa wadogo kwa mwaka mmoja kuliko tulivyozoea. Swali la mtoto aishi wapi litakuwa zito zaidi.

1. Kutwa, akitokea nyumbani

Faida yake ni kubwa. Mtoto anakula chakula cha nyumbani, analala chini ya macho ya wazazi wake, na akiugua anaonekana mapema. Anajifunza kazi za nyumbani na shambani. Gharama ni ndogo kuliko njia nyingine zote: sare, madaftari, na mchango wa chakula cha mchana kama wazazi wamekubaliana.

Hasara inategemea umbali. Tuchukue mfano wa kilomita nane. Mtu anayetembea vizuri huenda kama kilomita tano kwa saa, hivyo mtoto atatumia zaidi ya saa moja na nusu kwenda na zaidi ya saa moja na nusu kurudi. Ni zaidi ya saa tatu kwa siku. Mwaka wa masomo una siku 194. Ukizidisha, ni zaidi ya saa 600 njiani kwa mwaka, akiwa amebeba madaftari, wakati mwingine kwenye mvua.

Ili afike saa moja na nusu asubuhi, lazima atoke nyumbani kabla ya saa kumi na mbili. Mikoa ya magharibi kama Kigoma na Kagera, muda huo bado ni giza. Akifika nyumbani jioni amechoka, kuna maji ya kuchota na wadogo wa kuangalia, na taa haipo au inatumiwa na wengine. Kwa msichana, njia ndefu ina hatari nyingine: wanaume wanaomsubiri njiani, na lifti ya bodaboda ambayo leo ni ya bure lakini kesho inadaiwa kwa namna nyingine.

Kama umbali si mkubwa sana, njia hii inaweza kuboreshwa. Baiskeli hupunguza muda kwa zaidi ya nusu, kama barabara inapitika. Watoto wa kitongoji kimoja watembee kwa kundi, wakubwa na wadogo. Mtoto apunguziwe kazi siku za shule, wavulana na wasichana sawasawa. Na asishinde njaa: mtoto aliyetembea kilomita nane bila uji hawezi kusikia hesabu ya kipindi cha tano. Kama shule yenu haitoi chakula cha mchana, mahindi na maharage yanayotolewa na wazazi wakati wa mavuno yanaweza kubadilisha hali hiyo.

2. Kwa ndugu au jamaa

Watanzania wengi wamesoma kwa njia hii, wakikaa kwa shangazi, mjomba, kaka mkubwa au bibi. Mtoto yuko katika familia, hakuna kodi ya chumba, na kuna mtu mzima wa kumwuliza kwa nini amechelewa kurudi.

Ubaya wake huanza polepole. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kufanya kazi nyumbani si vibaya. Tatizo ni pale mtoto anapogeuzwa kuwa mfanyakazi wa ndani, anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho, na madaftari yake hayafunguliwi. Pia kuna jambo ambalo hatupendi kulizungumza: baadhi ya watoto hudhalilishwa na watu wa nyumba hizohizo tulizoziamini, na hukaa kimya kwa sababu wanaogopa kuvunja undugu.

Kabla ya kumpeleka, kaeni na mwenyeji mkubaliane waziwazi: atafanya kazi gani, atasoma saa ngapi, atalala chumba gani na nani, na ninyi mtaleta nini. Gunia la mahindi likiletwa kila msimu huzuia maneno mengi. Na mtoto awe na njia ya kuongea nanyi faragha, si kwa simu ya mwenyeji huku mwenyeji akisikiliza.

3. Geto, yaani chumba cha kupanga

Hii ndiyo njia inayokua pale ambapo shule ya kutwa iko mbali na hosteli hakuna. Wazazi hupanga chumba karibu na shule, wanafunzi wawili au watatu wanakaa pamoja, wanapika wenyewe, na Ijumaa wanarudi nyumbani kuchukua unga.

Faida zipo. Muda wa njiani unakwisha. Wapo vijana waliojifunza kujitegemea humo, wakapika, wakafua, wakasoma usiku na kufaulu. Tunawaheshimu. Pia kwa familia isiyo na ndugu karibu na shule, mara nyingi ndiyo njia pekee iliyobaki.

Lakini tuangalie hesabu, maana wengi huichagua kwa kudhani ni rahisi. Kwa mfano tu, chumba kikiwa shilingi 15,000 kwa mwezi, kwa miezi kumi ni 150,000. Kijana anayekula nusu kilo ya unga kwa siku anahitaji kilo 15 kwa mwezi, karibu debe moja la mahindi. Ongeza mboga, mafuta ya kula, mkaa, taa, sabuni. Hela ya mboga ikikatika wiki ya tatu, mtoto anabaki na unga peke yake. Hapo ndipo mwenye duka, dereva wa bodaboda au mpangaji wa chumba cha pili anapojitolea kusaidia. Wasichana wengi wanaopata mimba wakiishi geto hawakuanza kwa tamaa ya simu wala chipsi, walianza kwa kukosa mboga na sabuni.

Wavulana nao wana hatari zao. Hakuna wa kuwauliza kama wamekwenda shule. Wengine huanza na kibarua cha Jumamosi, kisha machimboni, kisha bodaboda, na mashine za kamari hazina kengele ya kuingia darasani. Mzazi huja kujua muhula umekwisha.

Kwa hiyo geto linaonekana rahisi kwa kuwa gharama zake zinakuja kidogokidogo, na gharama kubwa kuliko zote haimo kwenye hesabu ya pesa. Ni kwamba mtoto wa miaka 13 au 14 anaishi bila mtu mzima.

*Kama hakuna njia nyingine*, basi fanyeni haya:

- Msipange chumba kilicho peke yake. Tafuteni chumba ndani ya uwanja wa familia mnayoifahamu au mliyoulizia kwa wenyeji, na mama wa nyumba hiyo akubali kuwa mlezi.
- Wazazi wa watoto wanaotoka kijiji kimoja wakodi nyumba moja na kumweka bibi au mama mmoja akae nao. Wachangie chakula chake. Hii inakaribia kuwa hosteli ndogo.
- Mjulisheni mkuu wa shule, mwalimu wa malezi na mwenyekiti wa kitongoji kwamba mtoto anaishi pale. Waombeni namba zao.
- Mlango uwe na komeo la ndani, na choo kisiwe mbali usiku.
- Pelekeni chakula cha wiki mbili kwa pamoja, na mboga kavu kama dagaa, kisamvu cha kukausha au maharage, ili asibaki na unga mtupu.
- Mzazi aende bila kutoa taarifa, angalau mara moja kwa mwezi.

4. Hosteli ya shule au ya kijiji

Hosteli ni jengo la kulala lililojengwa karibu na shule ya kutwa, mara nyingi kwa nguvu za wananchi, halmashauri na wafadhili. Wazazi huleta mahindi, maharage na mchango wa kumlipa mpishi, matroni na mlinzi. Wasichana ndio huanza kupewa nafasi.

Faida yake ni kwamba mtoto anakaa karibu na darasa, anakula pamoja na wenzake, ana saa ya kujisomea usiku, na kuna matroni anayehesabu watoto kabla ya kulala. Gharama kwa mzazi inaweza kukaribiana na ya geto, kwa sababu kupikia watoto wengi kwenye sufuria moja hutumia kuni na mafuta kidogo kuliko kila watatu kupika kwao.

Hasara ni kwamba hosteli nyingi hutegemea michango. Wazazi nusu wakichelewa kuleta mahindi, watoto wote wanakula mlo mmoja. Nyingine zina msongamano, maji ni ya shida, na matroni ni mmoja au hayupo kabisa. Hosteli isiyo na matroni ni geto kubwa tu. Ulizeni pia kama michango imepitishwa kwenye kikao cha wazazi na kama kuna taarifa ya mapato na matumizi. Mzazi ana haki ya kusomewa hesabu. Na kumbukeni kwamba serikali imekataza mtoto kufukuzwa darasani kwa sababu mzazi hajatoa mchango.

5. Shule ya bweni

Katika shule za serikali, nafasi za bweni za kidato cha kwanza ni chache. Hupewa waliofaulu sana, wanaokwenda shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kilakala au Tabora Wavulana, wanaokwenda shule za ufundi kama Ifunda au Moshi, na baadhi ya watoto wa maeneo yenye mazingira magumu. Serikali pia imejenga shule za wasichana za sayansi za bweni, kwa mpango wa shule moja katika kila mkoa wa Tanzania Bara, jumla 26. Katika bweni la serikali, chakula hugharamiwa na serikali. Mzazi anabaki na nauli, godoro, shuka, ndoo, sare na vitu vilivyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Shule za binafsi na za mashirika ya dini zina ada yake, na mzazi aisome fomu yote kabla ya kulipa chochote.

Faida ni muda wa kusoma, walimu kuwa karibu, na mtoto kukutana na wenzake wa mikoa mingine. Kwa msichana anayetoka mahali ambapo anasemwa ameiva kuolewa, bweni huweza kuwa kinga.

Hasara ni kwamba mzazi hamwoni mtoto kwa miezi. Uonevu wa wakubwa kwa wadogo upo, magonjwa huenea haraka, na mtoto mdogo huweza kuumia kwa upweke bila kusema. Kwa sababu hiyo mwaka 2023 serikali iliagiza huduma ya bweni katika shule za msingi isitolewe kwa watoto wa chini ya darasa la tano.

Hatari nyingine ni moto. Agosti 2009 wasichana 12 walikufa bweni lilipoungua Idodi, Iringa. Septemba 2020 watoto 10 walikufa kwa moto wa bweni Kyerwa, Kagera. Unapompeleka mtoto, ingia bwenini ukaangalie mwenyewe. Kuna milango miwili? Inafunguka kwa nje? Je, usiku hufungwa kwa kufuli kutokea nje? Madirisha yote yana nondo zisizofunguka? Kuna mitungi ya kuzimia moto? Usione haya kuuliza.

Maswali saba kabla ya kuamua

1. Mtoto ana umri gani, na anaweza kujisimamia kiasi gani?
2. Safari ni ya muda gani kwa miguu, na njia inapita wapi?
3. Jioni na usiku yuko na mtu mzima gani, kwa jina?
4. Atakula nini asubuhi, mchana na usiku, na mwezi Februari chakula kikipungua nyumbani itakuwaje?
5. Akiugua usiku, nani atampeleka zahanati?
6. Kwa msichana: taulo za kike, sabuni na maji atavipata wapi kila mwezi?
7. Yeye mwenyewe anasemaje? Mwulizeni akiwa peke yake.

Kama jibu la swali la tatu ni "hakuna", rudini nyuma mtafute njia nyingine, hata kama ni ya usumbufu zaidi kwenu.

Mambo yakiharibika

Sheria ya Elimu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inasema kumpa mimba au kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari ni kosa lenye adhabu ya kifungo cha miaka 30. Hili si jambo la kumalizana nyumbani kwa ng'ombe wawili. Toeni taarifa kwa mtendaji, ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Mtoto mwenyewe, au mtu yeyote, anaweza kupiga namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo.

Msichana aliyejifungua hajapoteza shule. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi walioacha shule, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi katika mfumo rasmi. Anza kwa mkuu wa shule aliyokuwa akisoma, na akikusumbua nenda kwa ofisa elimu wa halmashauri.

Anayeona aibu kurudi darasa lilelile, au aliyezidi umri, anaweza kusoma sekondari kupitia vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, akafanya Mtihani wa Maarifa, maarufu kama QT, kisha mtihani wa kidato cha nne. Kuna pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo hufundisha ushonaji, useremala, kilimo, mapishi na ufundi mwingine, na baadhi yake hupokea akina mama vijana pamoja na watoto wao. VETA nayo ipo kwa anayetaka fani.

Kikao cha wazazi kinaweza kufanya nini?

Mzazi mmoja hawezi kujenga hosteli. Lakini wazazi thelathini wanaolipia mageto thelathini tayari wanatoa pesa nyingi kila mwezi, kila mmoja kivyake. Piganeni hesabu hiyo kwenye mkutano wa kijiji, au kwenye kikao na bodi ya shule: kodi zote kwa mwaka, mkaa wote, nauli zote. Sehemu nyingine kikao hicho kimezaa nyumba moja ya kukodi yenye mlezi, na baadaye tofali za hosteli.

Shule zinafunguliwa Januari. Ukianza kuuliza maswali haya Septemba, mtoto anapofanya mtihani, utakuwa na miezi mitatu ya kutafuta jibu. Ukianza siku ya kuripoti, utachukua chumba cha kwanza utakachoonyeshwa.